Lugulu: Jina Moja, Milima Mingi

Juma hili twawachukua mbali na bahari, hadi magharibi ya Kenya. Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale hupita Lugulu, katika kaunti ya Bungoma. Wengi walijua jina hilo kwa hospitali ya misheni na shule ya upili ya wasichana iliyopo hapo. Wachache huuliza lina maana gani.

Jibu li mbele ya macho. Nchi hiyo ni ya miinuko. Karibu na Webuye kipo kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, na upande wa kaskazini-magharibi Mlima Elgon wapanda mita 4,321. Lugulu, au lukulu kama watamkavyo Wabukusu, ni kilima au mlima. Wenyeji waliita mahali kwa kile walichokiona.

Basi tuvuke mpaka. Katika mkoa wa Simiyu, Tanzania, wilaya ya Itilima, iko kata iitwayo Lugulu. Nako kwa Wasukuma neno hilo ni kilima. Tuteremke hadi Morogoro: kuna milima ya Uluguru, na watu wake ni Waluguru, yaani watu wa mlimani. Hao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba yao yamerithiwa kwa njia hiyo tangu kale.

Majina yafananayo yako kote duniani, lakini hayakuzaliwa kwa namna moja. Guadalajara ya Hispania ilipata jina lake kwa Kiarabu, Wadi al-Hijara, bonde la mawe, zama Waislamu walipotawala Andalusi. Guadalajara ya Meksiko ni jina lililosafirishwa: mtekaji wa Kihispania alizaliwa katika ile ya kwanza, na mji mpya ukaitwa kwa heshima ya kwao. Lugulu si hivyo. Hakuna aliyelibeba kutoka Bungoma kulipeleka Simiyu. Kila kaumu ilitazama kilima chake ikakiita kwa neno ililorithi kwa mababu wa asili moja.

Nasi wa pwani tumo katika urithi huo. Waganda huita mbingu eggulu, na wajuzi wa lugha husema kwamba juu yetu ya Kiswahili yatokana na shina hilo hilo. Kila mama amwambiapo mwanawe "tazama juu", atamka neno lililo ndugu na Lugulu.

Twayasema haya kwa kuwa majumbani mwetu bado husikika mkamwana akiitwa "mtu wa bara", kana kwamba ametoka ng'ambo ya dunia. Qur'ani yatufunza kuwa tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana huanza kwa kuuliza jina. Tena bara si mbali kama tudhaniavyo: mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, huanzia Uluguru. Misitu ya milima hiyo ikikatwa, ukame hufika hadi kwenye mitungi ya pwani.

Basi, akina mama, aolewapo binti bara au ajapo mkamwana kutoka huko, muulizeni kwao paitwaje na kwa nini. Watoto wakae wasikilize, kwani mzee aondokapo, maana ya jina huondoka naye.