Njia ya Juma la Sita

Juma hili safari yetu ni ya hapa hapa Bunia. Siku ya chanjo, ukishuka mapema kutoka Mudzipela, utawakuta njiani: watoto mgongoni, fishi ya mtoto imefungwa ndani ya kitenge isilowane. Wengine wanatoka kambi ya Kigonze, waliokimbia vita na kuacha mashamba. Kando ya barabara wanauza mikate ya mafuta na chai ya sukari nyingi. Kwa franka kidogo, tumbo linatulia.

Kwenye kituo cha afya mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano za juma la sita, anaandikwa. Mama yake amekaa tu kwenye benchi.

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu. Alipokuwa na mimba sukari ilipanda, na alipozaa ikashuka. Nyumbani wakasema yamekwisha. Hayajakwisha. Mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 kuliko asiyeipata. Anatakiwa kupimwa tena kati ya juma la 6 na la 12 baada ya kuzaa. Hesabuni wenyewe: ni siku ile ile ya chanjo! Njia ameshaitembea, foleni ameshaipanga. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mapema aje bila kula (ile mikate ya njiani aipite kwanza), na kipimo.

Mafundisho tunayopewa ni kutembea na kula vizuri. Ni kweli: utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma kulipunguza kisukari kwa asilimia 58 kwa watu walio hatarini. Lakini mama anayechota maji mbali, usimfundishe kutembea. Ongea naye juu ya sahani: bugali ipungue kidogo, sombe na maharagi viongezeke, chai ipate kijiko kimoja badala ya vinne. Na usimwambie peke yake. Mwiteni mama mkwe pia, maana mara nyingi ndiye anayepakua.

Mdogo wangu aliuliza mwenyewe. Muganga akamwambia arudi Alhamisi, tumbo tupu, na kipimo atalipa. Likelemba yetu imeshachanga franka zake, na za jirani yake mmoja.