Adabu za Biashara Katika Masoko ya Surat

Kaskazini ya Mumbai, mwendo wa saa tatu hadi nne kwa gari la moshi, upo mji wa Surat katika jimbo la Gujarat, kando ya mto Tapi. Zama za wafalme wa Kimughal, mji huu ulikuwa bandari kuu ya mahujaji wa India, hata ukapewa lakabu ya Lango la Makka. Hadi leo limesimama jengo la Mughal Sarai, lililojengwa mwaka 1644 kuwa nyumba ya wasafiri waendao Hija. Siku hizi ndani yake mna ofisi za baraza la mji. Mahujaji hawapandi tena majahazi Surat. Wanaoingia leo kwa wingi ni wanunuzi wa nguo, na miongoni mwao wamo kina mama wa pwani yetu wanaotafuta vitambaa vya madira, mitandio na nguo za harusi.

Fedha anayoibeba mama wa Mombasa, Malindi au Lamu kwenda huko si fedha ya mchezo. Aghlabu ni akiba ya chama, au dhahabu iliyouzwa, au mahari aliyoyatunza miaka mingi. Wengi wetu huijua nguo kwa kuipapasa tu, lakini kuijua nguo ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumjua mwenye nguo: vipi husalimiwa, vipi husema ndiyo, na vipi huandika.

Mambo huanzia mlangoni. Katika majengo ya soko yaliyopangana kando ya Ring Road, maduka mengi ya jumla hayana meza wala viti. Sakafu imetandikwa magodoro yenye shuka nyeupe, na tajiri ameketi juu yake na vitabu vyake vya hesabu. Viatu huvuliwa nje, kama tufanyavyo majumbani mwetu. Mguu haupitishwi juu ya nguo wala daftari, na ukigusa kitu kwa bahati mbaya, huombwa radhi papo hapo. Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia. Hilo hatuhitaji kufundishwa.

Kuhusu kupeana mikono, mila yao inatusitiri. Mwanamume wa Kihindi mwenye adabu hangojewi kueleweshwa. Yeye hungoja mwanamke aanze. Ukiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, naye atakunja viganja vyake na kusema namaste, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Akiwa ni Mwislamu, mpe salamu yetu kamili, kwani Surat ina Waislamu wengi, Mabohra wakiwamo. Jina la mtu haliitwi tupu. Gujarat mwanamume huongezewa neno bhai mwishoni mwa jina lake, yaani ndugu, na mwanamke huongezewa ben, yaani dada. Siku ya pili tu utasikia nawe umeitwa ben, na hapo ujue umekwisha kukaribishwa.

Kisha huja chai, ya maziwa na tangawizi, katika kikombe kidogo. Kabla ya bei utaulizwa una watoto wangapi, mumeo afanya kazi gani, baba yako yu hai. Wengine wetu huona ni udadisi. Sivyo. Tajiri anapima kama wewe ni mtu wa nyumba, mwenye kurudi mwakani. Ukijibu kwa ufupi na upole, nawe ukamuuliza habari za wazee wake, umefanya biashara kuliko aliyeanza kwa kupigania bei.

Lipo jambo moja linalowahusu wanaosafiri na mahram. Mara nyingi tajiri humgeukia mwanamume na kumsemesha yeye, hata kama fedha ni ya mama. Tumeona dawa yake ni nyepesi: mahram mwenyewe aseme mapema, kwa utulivu, kwamba mwenye mali ni huyu dada na uamuzi ni wake, kisha anyamaze. Tangu hapo vitambaa huwekwa mbele ya anayestahili. Gujarat si wageni wa mwanamke mwenye biashara. Wanataka tu kujua ni yupi.

Gumu zaidi ni neno ndiyo. Kwao, kumkatalia mgeni usoni ni utovu wa adabu. Kichwa hutikiswa upande huu na upande huu, na maana yake yaweza kuwa ndiyo, au nimesikia, au endelea kusema. Mtu akikuambia atajaribu, au ataona, aghlabu amekwisha kukataa kwa heshima. Na neno lao kal lina maana mbili: jana, na pia kesho. Kwa hiyo usiulize swali la ndiyo au siyo. Usiseme, "Mzigo utakuwa tayari Jumatano?" Uliza, "Mzigo utakuwa tayari tarehe ngapi, na nani ataufunga?" Jibu lenye tarehe na jina la mtu ndilo jibu.

Hesabu nayo ina mtego. Neno laki tulilipata kwao, lakini koma zao hazikai tulipozoea. Wao huandika 1,00,000 kwa laki moja. Ukiona 12,50,000, hiyo ni milioni moja na robo. Soma tarakimu kwa sauti, naye akubali kwa sauti, ndipo uandike.

Tumefika kwenye karatasi, na hapa ndipo dini na dunia hukutana. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Mfanyabiashara wa Surat naye huamini maandishi, lakini ana aina mbili: risiti ya kachcha, yaani mbichi, isiyo rasmi, na ya pakka, iliyo kamili na yenye hesabu ya kodi ya serikali. Utaambiwa ya kachcha ni rahisi zaidi. Ukiichukua, utafika forodhani Mombasa huna uthibitisho wa bei uliyonunulia.

Ankara ya pakka nayo isomwe hadi chini, kwenye maandishi madogo. Mara nyingi pana masharti matatu: mali ikiuzwa hairudishwi, mashtaka yote yatasikizwa Surat, na malipo yakichelewa itatozwa riba. Kwa sharti la kwanza, fungua kila jora na ulikague hapo hapo dukani. La pili likukumbushe kwamba kumshtaki mtu aliye ng'ambo ya bahari si jambo jepesi. La tatu latuhusu sisi hasa. Mwambie kwa upole kwamba imani yako hairuhusu riba, naomba mstari huu ukatwe na tutie saini kando yake. Wafanyabiashara wa Gujarat wamezoea wateja wenye miiko, kwani wao wenyewe wana yao. La sivyo, lipa taslimu na uombe kupunguziwa kwa ajili hiyo. Ni desturi yao.

Miiko yao nayo tuiheshimu. Wajaini hawali nyama, na wengi wao hawagusi hata vitunguu, vitunguu saumu wala viazi, na hula kabla ya jua kuzama. Usimzawadie Mhindu au Mjaini kitu cha ngozi. Halua ya Mombasa au korosho za Kilifi zatosha na kuzidi. Zawadi haifunguliwi mbele ya mtoaji, basi usivunjike moyo ikiwekwa pembeni. Nasi mezani mwao hatuna tabu, kwa kuwa chakula chao ni mboga na nafaka, na ulevi umepigwa marufuku Gujarat.

Kabla ya kukata tiketi, omba viza ya biashara wala si ya utalii, na uchukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tazama pia sikukuu ya Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba: maduka mengi hufungwa siku kadhaa, na mafundi hurudi makwao.

Bei nzuri hupatikana mara moja. Mtu wa kukuwekea mzigo mzuri, akakutumia bila wewe kuupanda ndege, hupatikana kwa adabu na kutimiza ahadi. Mwenyezi Mungu azitie baraka safari za mama na dada zetu, na awarudishe salama na riziki ya halali. Amin.