Baridi Iliyotuzindua

Msimu wa kusi uliopita, tulipokwenda kumwamsha mama yetu kwa Sala ya Alfajiri, tulimshika mkono tukaukuta baridi kama maji ya mtungi. Ulimi wake ulikuwa mzito, macho yamelegea, wala hatetemeki. Siku nne nyuma daktari alikuwa amemwongezea kipimo cha dawa ya maradhi ya akili, dawa ambayo, kwa fadhila za Mola, ilikuwa imeanza kumrudishia utulivu.

Tulimwekea kipimajoto cha kioo kwapani. Zebaki haikupanda; tukadhani kimeharibika. Jamaa mmoja akasema ni jini amerejea. Mwingine akashauri dawa zitupwe. Wa tatu alikwisha kuwasha jiko la makaa, aliingize chumbani na kufunga madirisha.

Hospitalini tulielezwa kuwa kipimajoto kilikuwa kizima. Vya namna ile huanzia nyuzi 35 za Selsiasi, na mwili wa mama ulikuwa umeshuka chini ya hapo. Dawa kama haloperidoli, olanzapini na risperidoni huweza kuvuruga sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Baadhi yake hutanua mishipa ya damu ya ngozini, joto likatoka. Jambo hili ni nadra, ila huhofiwa zaidi siku za mwanzo za dawa au kipimo kinapoongezwa, hasa kwa wazee.

Daktari alipunguza kipimo, hakuikatisha dawa. Alituonya kwamba kuiacha ghafla kwa uamuzi wetu kungeweza kuyarejesha maradhi kwa nguvu, na kwamba jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua. Mgonjwa aliyepoa huvuliwa nguo zenye unyevu, hufunikwa vyema mwili na kichwa, hasuguliwi wala haogeshwi maji ya moto, na hukimbizwa hospitalini.

Mama alipopata nafuu alituambia kwa upole, "Wanangu, niliwasikia mkibishana juu ya jini. Hakuna aliyenifunika."

Neno hilo lingali linatuchoma. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, nasi tulipoteza saa nzima mlangoni. Leo, kando ya msahafu wake, pana kipimajoto cha dijitali kinachosoma hata chini ya nyuzi 35, na blanketi lililokunjwa. Dua hatujaiacha, wala dawa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.