Nimempiga Bata Mzinga

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo. Leo bweni zima kimya, wenzangu wamekwenda makwao kula bata mzinga, tumebaki mimi na jamaa wawili Wakongomani wa ghorofa ya pili. Ngoja niwasimulie ya asubuhi kabla miguu haijakakamaa kabisa.

Hapa Buffalo, Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani sikukuu yao ya Shukrani, watu hawaanzi na kula. Wanaanza na mbio. Wanaziita Turkey Trot, kilomita 8, unashuka na barabara ya Delaware mpaka katikati ya mji. Zilianza mwaka 1896, miezi mitano kabla ya Boston Marathon ya kwanza, na siku ile walitokea wakimbiaji sita tu. Siku hizi ni maelfu, na vituko ndiyo usiseme: huyu kabandika manyoya ya bata mkiani, yule kavaa kofia yenye umbo la paja la kuku.

Mwaka jana niliingia kwa mzaha. Huku ukisema unatoka Tanzania wanakuona Filbert Bayi. Basi bwana, kilomita ya sita kichomi kikanibana, nikatembea, nikapitwa na bibi mwenye kilemba cha bata mzinga. Dakika 51. Nilicheka sana.

Kicheko kilikatika mwezi wa pili, nilipokwenda zahanati ya chuo kwa mafua tu, nesi akanipima presha mara tatu. Nina miaka 24 jamani. Baba yangu kiharusi kilimchukua akiwa na 46. Nyumbani sikusema kitu. Nikanunua raba, nikaanza kuzunguka bwawa la chuo alfajiri, mwanzoni dakika kumi tu na kuhema kama ng'ombe.

Leo lengo lilikuwa chini ya dakika 40. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, nilivaa soksi mikononi maana glavu nimepoteza moja (na jozi mpya ni hela ya chakula cha siku mbili). Saa sina, nilikimbia kwa kukisia. Mwanzo ni msongamano kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi, unakanyagwa, unaombwa radhi, unakanyagwa tena. Tulipofika kwenye zile kona za makaburi ya Forest Lawn, alikozikwa Rais Millard Fillmore, nafasi ikapatikana nikafungua miguu. Kilomita ya sita kichomi kikaja, palepale pa mwaka jana, kama tuliahidiana. Safari hii sikutembea. Nikapunguza kidogo, nikawa natoa pumzi kwa nguvu, nahesabu nguzo za taa. Nguzo ya kumi na kitu kikaachia.

Nakaribia mwisho, nainua macho: saa kubwa inasoma 41 na sekunde zake. Moyo ukafa. Nikavuka nimeinamisha kichwa kama niliyefeli mtihani. Kumbe ile saa inahesabu toka mlipuko wa mwanzo, na mimi nilikuwa nyuma huko kwenye msongamano! Kichipu cha kwenye namba ya kifuani kinahesabu toka unapovuka mstari wewe mwenyewe. Nikafungua matokeo kwenye simu: 39:41. Nikapiga kelele mpaka paja la kuku likageuka.

Nikampigia mama. Kule Morogoro ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa elfu mbili na kitu."

Kimya. "Na kiingilio ulilipa?"

"Nililipa mama."

Hapo ndipo nikamwambia na ya presha, yote, toka mwezi wa pili, na kwamba wiki iliyopita nesi yuleyule kaniambia imeshuka. Mama hakujibu. Nikasikia anaweka kitu chini, kama sufuria. Kisha akauliza, "Hizo mbio nyingine ni lini?"