Kaskazini Ndiko Kibla

Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nimesoma chuo cha Kurani kabla sijaanza shule, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa kiongozi wa skauti Kibarani. Nayatanguliza haya kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote, msikitini na nje yake, ni hili: skauti inamfaa nini kijana mwenye dini? Wanaouliza hawana nia mbaya. Wanawaona vijana wamevaa skafu, wanapiga gwaride Siku ya Madaraka, wanapanga foleni kwenye mikutano, na hawaoni Mungu anaingia wapi. Jibu langu nimelipatia kazini, nalo ndilo ninalolitolea ushahidi hapa. Dini tunayowapa watoto wetu kwa kawaida ni ya kusikia na kuhifadhi. Skauti humpeleka mtoto mahali ambapo dini ile anadaiwa: anadaiwa na njaa, na giza, na kazi, na swali la mwenzake. Akishadaiwa, inakuwa yake.

Anayetoka kisiwani kwa barabara ya Makupa kwenda Changamwe hupita Kibarani. Kwa miaka mingi jina hilo lilimaanisha jaa. Mwaka 2018 jaa lilifungwa, taka zikahamishiwa Mwakirunge, pakamwagwa udongo na kupandwa miti. Lakini watoto ninaowalea wengi wamekua na moshi wa jaa lile, na wako waliookota plastiki na vyuma chakavu kabla ya kengele ya shule. Ni watoto wa wachukuzi wa bandarini, mafundi, mama wauza mbaazi. Adhana na kwaya husikika katika ua mmoja. Kundi letu lina Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana na watoto wa makanisa ya Kipentekoste. Wengi ni Chipukizi, yaani wa miaka 11 hadi 15, na juu yao wako Mwamba.

Skauti anapovishwa skafu hunyanyua vidole vitatu na kuahidi mambo matatu: kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia wengine, na kuitii sheria ya skauti. Wazazi wa Kiislamu huniuliza kama mtoto wao anaapa kwa kisichokuwa Mwenyezi Mungu. Haapi. Anaahidi, na dini yetu imeshamwambia kwamba ahadi ataulizwa. Uingereza, ilikoanzia skauti, tangu 2014 kuna ahadi nyingine kwa wasiokuwa na dini. Kila nchi na watu wake. Kibarani sijampata mtoto anayetaka jina la Mungu liondolewe katika ahadi. Nawapata wanaohitaji kuonyeshwa jina hilo linawataka nini Jumamosi mchana, mwalimu wa chuo akiwa hayupo.

Ubishi mkubwa niliowahi kuupata ulihusu mkono. Skauti huamkiana kwa mkono wa kushoto. Kwetu Pwani mkono wa kushoto haupewi mtu. Humpokei mgeni kwa huo wala humpi mtu sahani kwa huo. Maalim mmoja mzee alimwona mjukuu wake akimpa mwenzake mkono huo, akaniita barazani. "Mwanangu," akaniambia, "sisi twawafunza adabu, nanyi mwaipindua?" Nikamsimulia kisa ambacho skauti husimuliana, cha mashujaa wa Waashanti wa Afrika Magharibi walioshika ngao kwa mkono wa kushoto: anayekupa mkono huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kisa ni kizuri," akasema, "lakini mjukuu wangu ni wa hapa."

Alikuwa na haki. Tangu siku ile kanuni yetu ni kwamba mkono wa kushoto ni wa skauti kwa skauti, katika mikusanyiko yetu wenyewe. Mzazi, jirani, mwalimu na mgeni hupewa wa kulia, na chakula ni kwa kulia. Maalim hajaupenda mkono wa kushoto mpaka leo, ila skafu ya mjukuu aliiruhusu.

Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba skauti ililetwa Kenya na Waingereza mwaka 1910, na kwamba enzi za ukoloni makundi yaligawanywa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Mwasisi wake, Robert Baden-Powell, alifariki Nyeri Januari 8, 1941, na kaburi lake liko huko. Historia hiyo siifichi. Lakini nchi yenye skauti wengi kuliko zote duniani leo ni Indonesia, na Waislamu wake ni wengi kuliko wa nchi yoyote. Hawakuona kwamba skafu inaipunguza shahada.

Kambi ndiyo shule yenyewe. Aprili 2022 likizo iliangukia ndani ya Ramadhani, na baadhi ya wazazi walitaka tuahirishe. Tukaenda, Kwale, pembezoni mwa Shimba Hills, masika yakiwa ndiyo yanaanza. Usiku wa kwanza, baada ya kufuturu, vijana wa Kiislamu walisimama na misala mikononi wakibishana kibla kiko wapi. Nyumbani hawajapata kuuliza. Msikiti umeshaelekezwa, na msala wa mama umeshatandikwa. Niliwanyima jibu. Nikawaambia wakitafute kwa walichofunzwa.

Wanajua kwamba Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na ushei mashariki, kwa hivyo kwetu kibla ni kaskazini barabara. Wanajua pia kwamba lile ua lililo kwenye beji yao limetokana na alama ya dira za zamani, ile iliyoonyesha kaskazini. Ila Nyota ya Kaskazini hatuioni huku. Tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, nayo imezama chini ya upeo. Wakabaki wanayakodolea macho mawingu. Yalipopasuka, binti mmoja wa kidato cha pili, Mkristo, ndiye aliyeuona kwanza Msalaba wa Kusini. Akaupima urefu wake mara nne na nusu angani, akateremsha kidole mpaka kwenye miti, akawaambia wenzake: "Pale ni kusini. Mpape mgongo, mtakuwa mmeelekea kwenu." Wakasali Isha hivyo. Asubuhi dira ikawatoa kimasomaso. Vijana wale wamesali maisha yao yote, lakini sidhani kama walikuwa wamepata kukitafuta kibla kwa haja ya kukihitaji.

Siku ya pili mchana, Wakristo walikataa kula. "Mwalimu, tutawangoja wenzetu wafuturu." Niliupenda moyo wao, nikawaamuru wale, kwa kuwa saumu ile hawakufaradhishiwa wao na tulikuwa na kilima mbele yetu. Wakala nyuma ya hema, kimya kimya. Saa tisa usiku nikasikia kuni zinavunjwa. Kijana wa Kikatoliki alikuwa ameshawasha moto, anapasha wali na mchuzi wa kunde kwa ajili ya daku. Hakuna aliyempangia. Kwaresima ilikuwa haijaisha, maana Pasaka ya mwaka ule ilikuwa Aprili 17, naye alikuwa akifunga kwa namna yao. Njaa ya ibada aliijua. Akawaamsha wenzake mmoja mmoja kwa kuwagusa miguu, akawapakulia, akarudi kulala.

Zamu za usiku huwa tunazipanga wawili wawili, na mimi hupenda kumweka Mwislamu na Mkristo pamoja. Gizani watoto huulizana wasiyothubutu kuwauliza wakubwa. Mvulana wa miaka 14 aliulizwa na mwenzake: "Ukisujudu wasema nini?" Akayataja maneno kwa Kiarabu, bila kukosea. "Maana yake?" Hakuijua. Alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa, akiyasema maneno yale kila siku tangu utoto. Asubuhi, hata uso hajanawa, alinijia: "Mwalimu, nisemapo vile nikisujudu, namwambia nini Mungu?" Nikamweleza nilivyoweza, kisha nikamwambia akirudi amuulize Maalim wake, kwa kuwa Maalim ana ilimu kunishinda. Akaenda, akauliza. Mwenzake naye alikuwa ameulizwa kwa nini wao hufumba macho wakiomba, na jibu akalipeleka kutafuta kwa mchungaji wake.

Yako makundi ya dini moja, nayo yana kazi yake, sibishani nayo. Wanaohofu kwamba kuchanganyika kutawapotezea watoto dini nawaheshimu, maana hofu yao ni ya mapenzi. Ninachoweza kuwaambia ni nilichokiona. Sijamwona mtoto aliyeiacha dini yake kwa ajili ya zamu ya usiku. Nimewaona waliorudi chuoni na kanisani na maswali, na mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi mwenye swali ana hamu kuliko aliyeletwa kwa kushikwa mkono.

Kazi nayo ni mwalimu. Jumamosi za bamvua tunakwenda kupanda mikoko kando ya hori la Makupa. Hori lile limeteswa. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika na kuiua mikoko, na kwa miongo mingi tuta la Makupa liliyazuia maji ya Tudor na ya Port Reitz yasipishane, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Agosti 2022. Kijana anayeufukuzia mwezi mwandamo kwa ajili ya Idi hujua hapa kwamba mwezi ule ule ndio unaomwamulia saa ya kuingia topeni: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa sana, na Mombasa hupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Anachagua mbegu ya mkoko ndefu, iliyonyooka, isiyotobolewa na mdudu. Anaichomeka kadiri ya theluthi yake, ncha chini, bila kuilazimisha, maana ncha ikivunjika mbegu imekwisha.

Wa Kiislamu wamesikia kwenye hotuba za Ijumaa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kwamba mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama. Wa Kikristo wamefunzwa kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Wote wanakubali. Halafu miche inakufa. Kaa wanaitafuna, mifuko ya plastiki inaikaba, mawimbi yanaing'oa, na ukirudi unaikuta safu nzima imelala. Siku ya kwanza ya kupanda huja wengi, na simu za kupigia picha. Siku ya kupanda tena pale pale palipokufa huja wachache, hakuna picha wala cheti. Masheikh wetu hutuonya juu ya riya, kufanya jema ili uonekane, na sijui mahali pengine ambapo kijana wa miaka 15 anaweza kujipima mwenyewe juu ya jambo hilo kwa uwazi kama pale topeni.

Ninao ushahidi mzito zaidi, nao ni wa mwaka 2014. Februari msikiti ulivamiwa na polisi Majengo. Machi waumini waliuawa kanisani Likoni. Wazazi wa pande zote mbili waliwafungia watoto ndani, na kundi letu likapungua. Vijana wale wale tunaowataka sisi walikuwa wanatakwa na wengine, nao walikuja na maneno ya dini midomoni. Kijana asiyeijua dini yake ila kwa kuisikia humwamini anayeisema kwa sauti kubwa zaidi. Aliyewahi kukesha zamu moja na Mkristo, akaulizwa na kuuliza, ana la kumjibu anayemwambia kwamba yule ni adui. Waliorudi mapema kundini walikuwa ni hao waliokwisha kulala hema moja. Skauti wa Burundi, Rwanda na Kongo waliliona jambo hili katika hali mbaya kuliko yetu, wakaanzisha kazi waliyoiita Amahoro Amani, ya kuwafunza vijana wa Maziwa Makuu kuishi pamoja bila kubaguana.

Haya yote hayaji yenyewe. Kiongozi asiyejali swala huharibu. Ratiba ya kambi inayopitiliza Magharibi kwa sababu mchezo haujaisha, au inayopanga matembezi asubuhi ya Jumapili bila kuwatafutia Wakristo kanisa, humfunza mtoto kwamba wajibu kwa Mungu ni maneno ya siku ya skafu tu. Kwetu ratiba huanza kuandikwa kwa nyakati za swala na ibada, ndipo mengine yajazwe katikati. Hema za wasichana ziko mbali na huwa na kiongozi wa kike, na hakuna mtu mzima anayekaa faraghani na mtoto mmoja. Mzazi asiyehakikishiwa hayo ana haki ya kumzuia mwanawe.

Ombi langu ni kwa maimamu, maalim, mapadri na wachungaji wa Mombasa. Msitupe baraka za mbali tu. Tumeni walimu wenu waje kambini walale nasi, wasikie maswali yanayoulizwa usiku, kwa sababu mengi yanatushinda sisi na yanawahitaji wao. Kina mama na kina dada mlio na elimu ya dini, viongozi wa kike hatunao wa kutosha, na kila mara tunaposafiri kuna wasichana wanaobaki nyumbani kwa sababu hiyo. Tunakutana Jumamosi asubuhi. Mlango uko wazi.