Udongo wa Panga ya Saidi

Nilipokuwa kidato cha kwanza, somo la historia lilianza na mafuvu. Mwalimu alichora ubaoni ramani ya Afrika Mashariki, akatia nukta Olduvai, Rusinga, Olorgesailie na Koobi Fora, kisha akatueleza habari za zamadamu waliochonga mawe na kutembea kwa miguu miwili. Sisi wanafunzi wa Kilifi tulizinakili nukta zile zote, na hapakuwa na hata moja iliyokaribia bahari. Pwani iliingia kitabuni kurasa nyingi baadaye, majahazi yalipofika: wafanyabiashara, misikiti, Gedi, Wareno, Ngome ya Yesu. Mtoto wa Pwani angeweza kumaliza shule akiamini kwamba kwao hapakuwa na mtu mpaka upepo wa kaskazi ulipomleta.

Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Wachimbaji wa mambo ya kale walichimba palipoonekana kuta. James Kirkman alianza kazi Gedi mwaka 1948, na baadaye akahamia Ngome ya Yesu, Mombasa. Alichokitoa ardhini ni mahame ya jumba la kifalme, misikiti, makaburi na vigae vya kauri ya Kichina, na kazi ile inastahili heshima yake mpaka leo. Lakini ilijenga mazoea: kwa miaka mingi kuchimba Pwani kulimaanisha kufuata ukuta wa mawe. Katika miaka ya 1980 Henry Mutoro alianza kuyatazama makaya, maskani ya kale ya Wamijikenda, huko juu kwenye vilima, na macho ya wasomi yakageuka kidogo kuelekea bara. Mapango yalikuwa bado yanangoja.

Kwetu sisi mapango hayakuwa mahali pa kuchezea. Vilima vyetu ni vya mawe ya chokaa, vimetobolewa na maji tangu zamani, na kila pango kubwa lina wenyewe. Bibi yangu alituonya tusipite karibu na midomo ya mapango saa za mchana wa jua kali wala jioni. Wazee walikwenda huko kutambika, kuomba mvua, kumwombea mgonjwa. Aliyeingia aliingia kwa ruhusa, akanyamaza, akatoka. Nikiwa kijana niliyaona hayo kuwa mambo ya watu wa kale tu. Leo nashukuru, maana hofu ile ndiyo iliyowazuia watu kuchokonoa sakafu za mapango mengi wakitafuta mali.

Mwaka 2010 Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na watafiti wa nje, wakiongozwa na Nicole Boivin na Michael Petraglia, walianza kuchimba Panga ya Saidi. Pango hilo liko kwenye vilima vya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Dari yake imeanguka sehemu fulani, mwanga unaingia, mizizi na mitambaa imening'inia, na ndani ni baridi hata mwezi wa Februari. Vijana wa jirani tulitafutwa kwa vibarua vya kubeba na kuchekecha udongo, na hivyo nikapata nafasi.

Nilikwenda nikiwa na picha ya kitabuni kichwani. Nilidhani kazi ni kutafuta fuvu. Mawazo hayo yalitiwa nguvu na fundi mmoja mzee, Mkamba, aliyekuwa amefanya kazi na wachimbaji wa Turkana. Jioni alituhadithia habari za Kamoya Kimeu, na alimtaja kwa fahari ya mtu anayemtaja ndugu yake mkubwa. Kimeu alianza kama kibarua kwa watafiti akina Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1964 akaona taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984 akaokota kipande kidogo cha fuvu Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali pa changarawe nyeusi ambapo mtu mwingine asingeona kitu. Kipande hicho kiliwaongoza wenzake hadi kwenye mifupa ya karibu mwili mzima wa kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kimeu hakusoma chuo chochote. Alikuwa na macho, subira, na miguu isiyochoka. Alifariki mwaka 2022, na ningependa kila shule ya nchi hii iwe na picha yake ukutani.

Lakini mifupa ya Turkana ni mawe. Imelala ardhini mpaka madini yameingia ndani yake, mvua inaiosha, nayo inajitokeza juu, mizito, ikingoja mtu mwenye macho. Panga ya Saidi ni nchi nyingine kabisa. Hapo hakuna kinachojitokeza. Kila kitu kimefunikwa, na kile kilichofunikwa ni chepesi.

Kwa hiyo tulifundishwa kuchimba upya. Sakafu ya pango iligawanywa kwa kamba katika miraba. Sululu haikuwa na kazi pale; tulitumia miko midogo, vijiti na brashi. Hatukushuka kwa kipimo cha rula peke yake, tulifuata rangi na ugumu wa udongo, maana kila tabaka ni wakati wake. Kila karai lilitoka na kijikaratasi chake: mraba gani, tabaka gani, tarehe gani. Nilichekecha udongo mpaka mikono ikawa myeupe. Kilichobaki kwenye chekeche tulikipanga juu ya turubai: makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu, mifupa ya paa na ngedere, vigae, vijiwe vyenye makali. Udongo mwingine ulimwagwa kwenye ndoo za maji, ukakorogwa taratibu, na mkaa na mbegu zilizoungua zikaelea juu zikachujwa kwa kitambaa. Sikujua kabla ya hapo kwamba mbegu iliyoungua inaweza kuhifadhiwa maelfu ya miaka na kumwambia mtu msitu ulikuwaje.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni namna ya kupata umri. Kipimo cha kaboni kinaishia kwenye miaka elfu hamsini hivi. Zaidi ya hapo hakisaidii. Basi watafiti walipigilia mirija ya chuma kwenye ukuta wa shimo, wakaichomoa na kuifunga haraka ili udongo wa ndani usione mwanga. Chembe za mchanga zikifunikwa gizani hukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye miale ya ardhini. Maabara wakiziangazia, zinaitoa nguvu hiyo kama mwanga hafifu, na wingi wake unaonyesha ni muda gani umepita tangu chembe hizo zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Mchanga wenyewe, tuliokuwa tukiukung'uta kwenye suruali, ulikuwa ndio kalenda.

Tangu hapo nikaacha kuuliza fuvu litapatikana lini.

Mwaka 2013, chini kabisa ya shimo, vilionekana vipande vidogo vya mfupa. Vilikuwa laini kama unga wa mhogo, ukivigusa vinapotea. Mimi nilitaka kukitoa kipande kimoja nijue ni cha mnyama gani. Fundi mzee alinishika mkono.

"Usikivute, mdogo wangu. Kiache na udongo wake."

Kikaachwa. Kazi ya kulifuata shimo lile iliendelea, na mwaka 2017, karibu mita tatu chini ya sakafu ya sasa, umbo lake lilionekana wazi: kishimo cha mviringo, udongo wake tofauti na ule wa pembeni, na ndani yake mkusanyiko wa mifupa iliyooza vibaya. Hakuna aliyethubutu kusema ni nini. Uamuzi uliofanywa ni ule ambao nauona kuwa mkubwa kuliko ugunduzi wenyewe: kutoutoa mfupa hata mmoja. Walichimba kuzunguka kishimo, wakalifunga bonge zima kwa plasta, ile ile ambayo hospitalini hufungiwa mguu uliovunjika, wakalitoa pangoni udongo na yote yaliyomo.

Bonge lilikwenda Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kisha Burgos nchini Hispania, kwenye kituo cha utafiti wa chimbuko la binadamu kilichokuwa kikiongozwa na María Martinón-Torres. Meno mawili yaliyojitokeza mwanzoni mwa kazi ya maabara ndiyo yaliyotia shaka kwamba huyu ni mtu. Wakalipiga bonge picha za skani tabaka kwa tabaka, wakaondoa udongo chembe kwa chembe kwa miezi mingi. Ukatokea uti wa mgongo ukiwa umeungana, mbavu zikiwa bado zimepinda mahali pake, taya lenye meno ambayo mengine yalikuwa hayajaota. Mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mtulinga na mbavu za juu zilivyobanwa inaonyesha alifungwa ndani ya kitu, labda majani au ngozi, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kilikuwa kimelazwa juu ya mto wa kitu kilichooza baadaye. Umri wa kaburi: miaka 78,000. Ni mtu kamili kama sisi, na kaburi lake ndilo la kale kuliko yote ya binadamu yanayojulikana Afrika. Habari zilichapishwa Mei 2021 katika jarida la Nature, naye akapewa jina la Mtoto.

Siku ile redio zilipotangaza, nilimsomea shangazi yangu habari yote kutoka kwenye simu. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye namna alivyolazwa.

"Ubavu wa kulia?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na amefungwa sanda. Basi hao walikuwa watu, mwanangu. Walikuwa watu kabisa."

Sitaki kuyapeleka maneno yake kusikokuwa kwake. Miaka 78,000 ni kabla ya dini yoyote tunayoijua, na hakuna ajuaye wazazi wale waliamini nini. Lakini shangazi amezika watoto wake wawili, na alichokitambua si desturi yetu ya maziko peke yake. Alitambua kwamba kuna aliyechimba, aliyefunga, aliyeweka kitu chini ya kichwa ili kisilale juu ya udongo mtupu. Wataalamu walitumia miezi na mashine kulifikia neno hilo hilo: kwamba mwili huu ulitunzwa kwa makusudi, muda mfupi baada ya kufa, na mtu au watu waliomjali.

Kuna jingine lililobadilika, na hili halikutangazwa sana redioni. Ripoti ya mwaka 2018 kuhusu pango hilo ilionyesha kwamba watu waliishi hapo, wakienda na kurudi, kwa miaka hiyo yote 78,000, pembezoni mwa msitu na nyasi. Zamani ilidhaniwa kuwa msitu wa tropiki haukuwafaa watu wa kale, na kwamba waliofika Pwani walishikamana na ufuo. Wale wa Panga ya Saidi walikula zaidi vya nchi kavu, ingawa bahari haikuwa mbali. Walijua njia ya kwenda huko, maana kipo kishanga cha gamba la konokono wa baharini chenye umri wa takriban miaka 65,000, cha kale kuliko shanga zote zilizopatikana Kenya. Mtu alishuka ufuoni, au alibadilishana na aliyeshuka, kwa ajili ya pambo. Huko Unguja nako, katika Pango la Kuumbi karibu na Jambiani, mwanaakiolojia Felix Chami na wengine baada yake wamechimba na kukuta alama za watu walioishi hapo maelfu ya miaka kabla ya jahazi la kwanza.

Kwa hiyo historia ya Pwani haiwezi tena kuanza na upepo wa kaskazi. Jahazi lilimkuta mwenyeji. Nasema hivi bila kuwadharau waliokuja. Damu zetu zimechanganyika na lugha yetu ni shahidi. Lakini kuna tofauti kati ya nchi iliyojengwa na wageni peke yao na nchi iliyokuwa na watu, makaburi na mapambo tangu wakati ambao akili haiwezi kuushika.

Nikiyafikiria yote, jambo moja linaniumiza. Namna za zamani za kuchimba mapango zilikuwa za kutafuta kitu kikubwa: fuvu, chombo, sarafu. Udongo uliotoka ulimwagwa nje. Kwa uchimbaji wa namna hiyo, Mtoto angetoka pangoni ndani ya karai, unga kati ya udongo, akamwagwa vichakani pasiwe na mtu wa kujua. Naamini wapo waliopotea hivyo, hapa na katika nchi nyingine. Hatuwezi kuwarudisha.

Waliobaki bado tunaweza kuwahifadhi, na kazi hiyo si ya maprofesa peke yao. Vilima vyetu vinavunjwa kila siku kwa ajili ya mawe ya kujengea na chokaa, na wapo wanaochimba mapangoni usiku wakitafuta hazina. Ndugu yangu unayevunja mawe, unayechimba msingi au choo, ukikuta mfupa au jiwe lililochongwa ndani ya udongo wa kale, usiling'oe. Liache lilivyo, funika, kamwarifu chifu au makumbusho yaliyo karibu nawe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka uvumbuzi wa namna hiyo utolewe taarifa, na mfupa uliotenganishwa na udongo wake haurudishiwi ushahidi wake tena.