Pampu ya maji, waya wa spika na mzee wa Meru

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na safari hii si kwa sababu ya kazi za kuandika programu. Nilikuwa nimelala chali chini ya kitanda cha gari, tochi mdomoni, nikipigana na pampu ya maji. Kisa chenyewe hakinipambi hata kidogo, lakini nitawasimulia.

Dada yangu ana Toyota HiAce iliyokuwa matatu. Badala ya kuiuza, aliing'oa viti akaigeuza nyumba ndogo ya magurudumu: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, bomba la kuogea karibu na mlango na tangi la maji la lita 60. Nia yake ni kuwakodishia wageni wanaozunguka Mlima Kenya, wanaotaka kufika mbuga ya Meru au hifadhi ya Mwea kule Embu bila kutafuta hoteli. Pesa alikopa kwenye chama chake cha akina mama. Deni la chama mnalijua: unakutana nalo kila asubuhi ukienda kununua maziwa. Wateja wa kwanza walikuwa wachukue gari Embu siku ya Jumamosi.

Kazi ya umeme na maji aliifanya mzee mmoja fundi wa magari pale Meru. Alifunga pampu ya volti 12, ya aina inayotumika pia kwenye mashua na kwenye mashine za kunyunyizia dawa shambani. Ndani kuna viwambo vya mpira vinavyosukumwa na mota. Ukifungua mfereji, presha inashuka na swichi iliyo kichwani mwa pampu inawasha mota. Ukifunga, presha inapanda mpaka takriban baa 3 na swichi inazima. Basi. Ni kauli moja ya "kama" iliyotengenezwa kwa springi. Mzee aliilisha umeme kwa waya mnene wa nusu mita tu kutoka kwenye betri iliyo chini ya kitanda, akaweka na fyuzi ya ampea 10. Ilifanya kazi vizuri.

Nikaja mimi na digrii yangu ya kompyuta.

Nilitaka mgeni aweze kuona kwenye simu yake maji yaliyobaki tangini na kuzima pampu akiwa kitandani. Nikachukua kikompyuta cha ESP32, kipima-mtiririko na rilei, nikavifunga ndani ya kisanduku nyuma ya kiti cha dereva. Nikaukata waya wa mzee. Umeme sasa ukatoka kwenye betri ukaenda mpaka kisandukuni, kisha ukarudi nyuma kwenye pampu, jumla mita 5, nikitumia waya wa spika uliobaki nyumbani. Ulikuwa mwembamba na rahisi kuficha. Programu niliijaribu siku tatu nzima na haikuwa na kasoro.

Alhamisi tukaondoka Meru, mimi na dada, kulipeleka gari Embu na kulijaribu njiani. Ukitoka Meru kwenda Nkubu unavuka ikweta, kisha barabara inapanda na kushuka mabonde ya mito inayotoka mlimani. Tulipokwisha kuvuka daraja la Nithi na kufika Chuka, dada akanawa mikono, akafunga mfereji, na pampu haikunyamaza. Iliendelea kuguna kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Tukafungua tena: maji yakatoka kwa unyonge.

Sasa, pampu isiyozima ina washukiwa kadhaa. Pengine maji yanavuja baada ya pampu, hivyo presha haijai. Pengine inavuta hewa upande wa tangi, au uchafu umekwama kwenye valvu, au swichi ya presha imekufa. Nikafanya kama ninavyofanya kwenye programu: kugawa tatizo katikati na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Nikachomoa mpira wa kuvutia maji, nikautumbukiza kwenye ndoo ili kuliondoa tangi kwenye kesi. Hakuna mabadiliko. Nikakunja mpira wa kutolea maji na kuubana kwa koleo, ili mifereji yote iwe nje ya kesi. Bado inaguna. Nikasafisha chujio, nikakuta vipande viwili vya plastiki tu. Mwisho nikachomoa nyaya kwenye pampu nikazipima kwa mita: volti 12.6. Umeme upo! Kwa hiyo pampu ndiyo mbovu.

Ndugu wasomaji, angalieni orodha yangu. Niligusa kila kitu isipokuwa kile nilichokiongeza mwenyewe.

Nikampigia mzee simu nikiwa pale pale kando ya barabara. Nilimwambia ametuuzia pampu bandia, na kwamba shilingi 3,500 za salio lake asizihesabu tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kijana, hizo 12.6 umezisoma pampu ikivuta, au umeichomoa?" Nikamjibu kwamba volti ni volti, nikakata simu. Dada hakusema kitu mpaka tukapita Runyenjes. Hapo akaniambia kwamba yule mzee alikubali kungoja malipo wakati mafundi wawili wengine walikataa.

Usiku tulilala kwa shangazi, Embu. Nilitambaa tena chini ya kitanda, na kwa bahati mkono ukagusa waya wangu wa spika. Ulikuwa na joto. Juu yake ni godoro, na juu ya godoro Jumamosi wangelala watu. Nikakaa kimya kidogo. Kisha nikafanya alichouliza mzee: nikaziacha nyaya mahali pake, nikafungua mfereji, nikapima pampu ikiwa kazini. 9.9. Nikapima kwenye betri muda huo huo: 12.4. Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani.

Hesabu yake ni ya Georg Ohm, aliyoitangaza mwaka 1827, nami niliifanyia mtihani shuleni. Volti zinazopotea ni ampea mara ukinzani wa waya. Shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.5 ina ukinzani wa omu 0.035 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 10, yaani omu 0.35. Pampu ilikuwa inavuta ampea 6, kwa hiyo volti 2.1 zimeliwa na waya, na zilizobaki ni za viungo vyangu nilivyovisokota kwa mkono. Nilipopima kwa kuchomoa, hakukuwa na ampea zinazopita, na ampea sifuri mara chochote ni sifuri. Mita ilisema kweli; mimi niliuliza swali lisilo na maana. Mota iliyonyimwa umeme haina nguvu ya kufikisha presha pale swichi inapozima, basi inaguna tu na kuchemka.

Ili kuhakikisha, nikachukua nyaya za kuwashia gari lenye betri iliyokufa, nikaunganisha betri na pampu moja kwa moja, kisanduku changu kikiwa pembeni. Mfereji ukafungwa, na baada ya sekunde mbili kukawa kimya. Dada alisikia kimya hicho kutoka jikoni kwa shangazi.

Asubuhi nilinunua mjini waya wa milimita za mraba 4. Umeme wa pampu sasa unatoka kwenye betri moja kwa moja kama alivyopanga mzee. Rilei nimeihamishia kando ya pampu, na kisanduku kinaipelekea ishara tu, kazi ambayo waya mwembamba unaiweza. Ikivuta, pampu inapata volti zaidi ya 12. Wageni walichukua gari Jumamosi saa nne, wakaniuliza nenosiri la kuonea maji kwenye simu.

Ilibaki ile simu nyingine. Dada alisimama karibu kuhakikisha naipiga. Nilimwambia mzee nilichokosea, kwa volti na ampea zake, nikamwomba msamaha kwa maneno ya Chuka, kisha nikamtumia 3,500 kwa M-Pesa, nikaongeza kidogo. Kile kidogo alikirudisha. Baadaye ukaja ujumbe wake: "Imefika. Ule waya wangu mnene ulioukata uko wapi? Usiutupe, nina kazi nao."

Uko kwenye droo ya meza yangu. Jumanne nampelekea.